Universiadi ya majira ya baridi: maana yake, na Harbin ilivyoipokea

Universiadi ya majira ya baridi ni mashindano ya kimataifa ya michezo ya theluji na barafu ambayo washiriki wake ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Hufanyika kila baada ya miaka miwili, mwaka wa witiri, chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Vyuo Vikuu, FISU. Siku hizi jina rasmi ni Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu ya FISU, lakini wapenzi wengi wa michezo bado wanasema Universiadi, na ndilo jina lililotumika mashindano hayo yalipofanyika Harbin, kaskazini mashariki mwa China, kuanzia tarehe 18 hadi 28 Februari 2009. Nchi 44 zilipeleka vijana wao.

Ukitaka kuielewa dhana hii, Harbin ni mfano mzuri, maana pale utaona mambo mawili yanayoibeba: masharti ya mwanafunzi, na baridi ya kweli.

Tuanze na mwanafunzi. Fikra ya kuwakutanisha wanamichezo wa vyuo vikuu ni ya zamani. Mwaka 1923 Mfaransa Jean Petitjean aliandaa mashindano ya kimataifa ya wanafunzi mjini Paris. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wanafunzi wa Mashariki na wa Magharibi waligawanyika, kila upande ukawa na michezo yake. FISU yenyewe ilizaliwa mwaka 1949. Miaka kumi baadaye, 1959, Mwitaliano Primo Nebiolo na wenzake waliwaleta pamoja tena mjini Torino, na hapo ndipo Universiadi ya kwanza ya kiangazi ilipofanyika. Ya baridi ilifuata 1960 huko Chamonix, Ufaransa, mji uleule wa milimani uliokuwa umeandaa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924. Bendera ya FISU ina herufi U na nyota tano. Huko Torino ilikubaliwa kwamba mshindi akivishwa medali, upigwe wimbo wa kale wa wanafunzi wa Ulaya, wa Kilatini, badala ya wimbo wa taifa lake. Nadhani uamuzi huo unaeleza nia ya waanzilishi kuliko hotuba yoyote. Dunia ilikuwa katikati ya vita baridi, nao wakataka kijana aliye juu ya jukwaa ajulikane kwanza kuwa ni mwanafunzi.

Ndiyo maana sharti la kushiriki si kasi tu. Mshiriki lazima awe raia wa nchi anayoiwakilisha, awe ameandikishwa chuo kikuu au taasisi ya elimu ya juu inayotambuliwa, au awe amehitimu mwaka uliotangulia. Umri nao una mipaka: wakati wa Harbin ilikuwa kuanzia miaka 17 hadi 28, na baadaye FISU ilishusha kikomo cha juu. Anayesajili timu ni shirikisho la michezo ya vyuo vikuu la nchi husika, halafu kuna kamati ya kimataifa inayokagua pasipoti na uthibitisho wa chuo, mtu mmoja mmoja. Bingwa wa dunia ambaye hasomi popote haingii. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi ambaye hana jina lolote anaingia, mradi nchi yake imempitisha.

Watu wengi huiita Universiadi "Olimpiki ndogo", na mimi siupendi msemo huo. Unawafanya wasomaji waione kama kitu pungufu, wakati hapa mtu anashindana huku ana mtihani unaomsubiri, na kikosi kizima kina marafiki waliokutana darasani au bwenini. Ni kweli wengine wanapita hapa kwenda Olimpiki. Lakini wengi hawafiki huko, nao huishia kuwa madaktari, walimu na wahandisi ambao wakiwa vijana walipata kuiwakilisha nchi yao huku wakisoma usiku na kufanya mazoezi alfajiri.

Sasa baridi. Harbin ni makao makuu ya mkoa wa Heilongjiang, mkoa wa kaskazini kabisa wa China, unaopakana na Urusi. Mji ulikua haraka kuanzia mwaka 1898, Warusi walipoufanya kituo kikuu cha reli waliyokuwa wakiijenga kupita kaskazini mashariki mwa China, na hadi leo kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Sofia limesimama katikati ya mji. Januari wastani wa joto ni kama nyuzi 17 chini ya sifuri, na zipo nyakati linaposhuka kupita 30 chini ya sifuri. Chanzo ni hewa nzito na kavu inayotoka Siberia na kutelemka kusini majira yote ya baridi bila kizuizi kikubwa njiani. Mto Songhua unaopita mjini huganda kiasi cha watu kutembea juu yake, na mafundi hukata humo matofali makubwa ya barafu ya kujengea minara na ngome za tamasha la barafu. Tamasha hilo lilianza rasmi mwaka 1985, na hufunguliwa Januari.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa ukanda wa joto huenda asilitarajie: baridi kali si lazima ilete theluji nyingi. Hewa ile ya Siberia ni kavu. Mvua ya Heilongjiang huja zaidi kiangazi, na majira ya baridi anga huwa jeupe, jua linawaka, na ardhi imekauka kwa baridi. Kwa hiyo viwanja vya skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni, hutegemea pia theluji ya kutengeneza. Mashine hurusha maji hewani kwa shinikizo, yakiwa matone madogo sana, nayo huganda kabla hayajagusa chini. Kazi hiyo inataka vitu viwili tu, maji na baridi ya kuaminika, na mkoa huu una baridi ya kuaminika kuanzia Novemba hadi Machi. Theluji ikishalala mlimani haiyeyuki. Nchi nyingi za Ulaya zenye milima maarufu zaidi zingefurahi kuwa na uhakika huo.

Michezo ya mlimani ya mwaka 2009 ilifanyika zaidi Yabuli, kituo cha skii kilicho takriban kilomita 200 kusini mashariki mwa mji, mahali ambapo timu za China zimekuwa zikifanya mazoezi tangu miaka ya 1980. Michezo ya barafu ilibaki mjini. Mbio za kuteleza za mita 400 kwa mzunguko zilikuwa na ukumbi wake wa ndani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Asia ya Majira ya Baridi ya mwaka 1996, ambayo pia ilifanyika Harbin. Kwa jumla kulikuwa na michezo 12, kuanzia skii ya mteremko, skii ya masafa na kuruka kwa skii, hadi ubao wa theluji, kuteleza kwa madaha na mpira wa magongo wa barafuni.

Baridi ya namna hiyo ina sheria zake. Katika skii ya masafa, kanuni za kimataifa zinasema mbio ziahirishwe au zifutwe ikiwa joto, likipimwa sehemu yenye baridi zaidi ya njia, liko chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Sababu ni mapafu. Mwanamichezo anayepanda kilima kwa nguvu zote huvuta hewa nyingi mno kwa dakika, na hewa kavu ya baridi ile huumiza njia za pumzi. Mashindano ya Harbin yalifanyika Februari, baridi inapoanza kulegea kidogo.

Angalia pia biathloni, mchezo unaochanganya skii ya masafa na kulenga shabaha. Mchezaji anafika uwanja wa kulengea moyo ukidunda kwa kasi ya mbio, anavua bunduki mgongoni, na kutoka mita 50 anatakiwa kupiga duara tano. Akilala chini, duara analolenga lina upana wa milimita 45. Akisimama, ni milimita 115. Mbio nyingi zina adhabu ya kuzunguka kitanzi cha ziada cha mita 150 kwa kila risasi inayokosa. Fikiria kufanya hayo vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Mchezo ninaoupenda zaidi katika hadithi ya Harbin ni ule wa mawe, yaani kelingi. Timu ya watu wanne inasukuma mawe ya granaiti, kila moja likikaribia kilo 20, juu ya barafu yenye urefu wa kama mita 45, yakalale karibu na kitovu cha duara lililochorwa upande wa pili. Barafu yenyewe hainyooshwi laini kabisa. Fundi huinyunyizia matone ya maji yanayoganda na kuwa vipele vidogo, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Wachezaji wawili hukimbia mbele yake na kusugua barafu kwa brashi ili kupunguza msuguano, na hapo jiwe huenda mbali zaidi bila kupinda sana. Nguvu za mwili zinahitajika, lakini kinachoamua ni hesabu na utulivu.

Kelingi ilifika Harbin miaka ya 1990 tu. Mwaka 2009 timu ya wanawake ya China, ikiongozwa na Wang Bingyu, mzaliwa wa mji huohuo, ilichukua dhahabu ya Universiadi nyumbani mwezi Februari. Mwezi uliofuata walikwenda Gangneung, Korea Kusini, wakawa mabingwa wa dunia. Mwaka 2010 wakapata shaba kwenye Olimpiki ya Vancouver. Mchezo ambao kizazi kimoja nyuma haukujulikana mjini uliwafikisha hapo, na jukwaa la wanafunzi lilikuwa sehemu ya njia yao.

Harbin iliacha jambo jingine katika historia: ndipo wanawake walipocheza mpira wa magongo wa barafuni kwa mara ya kwanza katika Universiadi. Canada ilishinda, China ikawa ya pili, Slovakia ya tatu. Kwa upande wa medali kwa jumla, China na Urusi ziliongoza, kila moja ikiwa na dhahabu 18.

Hata hivyo ile idadi ya nchi 44 inastahili kutazamwa vizuri. Mwaka huohuo, Universiadi ya kiangazi mjini Belgrade ilikuwa na nchi zaidi ya 100. Tofauti haitokani na kanuni. Milango ya Universiadi zote mbili iko wazi kwa kila shirikisho mwanachama. Inatokana na hali ya hewa na gharama. Mtu anaweza kuanza mbio za mita 1,500 kwa raba na barabara ya vumbi, ila skii inataka mlima, theluji, vifaa vya bei kubwa na miaka ya mafunzo tangu utotoni. Kwa hiyo Kenya, Uganda na Tanzania, ambazo zina mashirikisho yao ya michezo ya vyuo vikuu, huonekana kwenye riadha, mpira wa miguu na netiboli. Kampala iliandaa ubingwa wa dunia wa netiboli wa vyuo vikuu mwaka 2018, chini ya FISU hiyohiyo.

Kuna kundi moja la vijana wetu ambalo liko karibu na theluji kuliko tunavyodhani, nalo ni wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma kaskazini mashariki mwa China. Kusoma Harbin hakumfanyi mtu aiwakilishe China. Mtanzania anayesoma huko angeshiriki kwa jina la Tanzania, na usajili wake ungepitia shirikisho la nyumbani. Ningependa sana kuona shirikisho la kwetu likimwandikisha mmoja wao katika mbio fupi za kuteleza au kelingi. Uwanja anao, baridi anayo, na sifa ya uanafunzi anayo tayari.

Tangu 2009 Universiadi ya baridi imepita Erzurum nchini Uturuki, Trentino nchini Italia, Granada nchini Hispania pamoja na Štrbské Pleso nchini Slovakia, Almaty nchini Kazakhstan, Krasnoyarsk nchini Urusi na Lake Placid nchini Marekani. Ya mwaka 2021, iliyopangwa Lucerne, Uswisi, ilifutwa kwa sababu ya Uviko. Januari 2025 ilirudi Torino, na mwezi uliofuata Harbin ikawa mwenyeji wa Michezo ya Asia ya Majira ya Baridi kwa mara ya pili. Zamu ya mwaka 2027 imepewa Changchun, mji mkuu wa Jilin, mkoa unaopakana na Heilongjiang upande wa kusini, wenye baridi ileile ya Siberia. Vijana watakaoshindana huko wengine sasa hivi wako mwaka wa kwanza chuoni.