Kizunguzungu kisichoisha ilhali vipimo viko safi

Kizunguzungu cha malaria, cha njaa au cha damu kupungua kila mtu anakijua: ukitibu chanzo, kinaondoka. Kuna kingine hakiondoki. Mtu anapima malaria, presha, sukari na wingi wa damu, anafika hospitali ya rufaa anapigwa picha ya kichwa, na majibu yote yanarudi safi. Bado akisimama jikoni anahisi sakafu inamchezea, kama anakanyaga godoro. Kichwa kizito, mwili unayumba kwa ndani ingawa anayemtazama anamwona amesimama wima.

Hali hiyo ikimsumbua mtu siku nyingi kwa miezi 3 au zaidi, tena ikizidi anaposimama, anapotembea au anapotazama vitu vingi vinavyosogea, ni ugonjwa wenye vigezo vyake. Viliwekwa mwaka 2017 na jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa mizani ya mwili, ile yenye jina la Robert Bárány, daktari aliyepata Tuzo ya Nobel ya 1914 kwa kazi yake juu ya sikio la ndani. Kwenye faili huandikwa PPPD, kifupi cha jina lake la Kiingereza, persistent postural-perceptual dizziness. Hapa nitakiita kizunguzungu sugu.

Ili tusimame bila kuanguka, ubongo husikiliza sehemu tatu kwa pamoja: mifereji midogo yenye majimaji ndani ya masikio, macho, na taarifa zinazotoka kwenye nyayo, misuli na viungo. Sasa chukua mtu aliyepata shambulio kali la kizunguzungu, labda kwa kuvimba kwa neva ya sikio, kipandauso au hofu kubwa. Kwa kujilinda, ubongo wake huanza kuyategemea macho kupita kiasi, hukaza shingo na miguu, na kuchunguza kila hatua. Ugonjwa wa kwanza unapona, lakini tahadhari ile haizimiki. Ndiyo maana picha haionyeshi kitu. Hakuna kilichovunjika, kilichoharibika ni namna taarifa zinavyotumiwa. Mgonjwa hadanganyi, wala hajidekezi.

Ukilielewa hilo, malalamiko ya wagonjwa wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini yanaeleweka mara moja. Sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, kati ya vitenge vilivyotundikwa na watu wanaopishana kila upande, macho yanapewa mzigo yasioumudu. Kwenye basi, mistari ya chai ya Mufindi au Tukuyu ikipita dirishani inatosha kumvuruga mtu, na kona za mlima wa Kitonga ni zaidi. Wengine hulaumu mwinuko. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia kama mita 2,500, kwa hiyo anayeishi mjini atafute sababu nyingine.

Kabla ya kukubali jina hili, dai kipimo kimoja ambacho mara nyingi husahaulika. Kama dunia inazunguka kwa sekunde chache tu kila unapogeuka kitandani au kuinua kichwa kuanika nguo, huenda chembe za madini ya chokaa zimehama mahali pake na kuingia kwenye mifereji ya sikio. Damu wala picha havionyeshi hilo. Daktari hulibaini kwa kukulaza haraka huku kichwa kimegeuzwa, akitazama macho yako, na hulitibu kwa kugeuza kichwa hatua kwa hatua kwa mbinu aliyoichapisha Mmarekani John Epley mwaka 1992. Haihitaji mashine, kitanda kinatosha. Lakini kizunguzungu cha ghafla chenye mdomo kwenda upande, ulegevu wa mkono, maneno kukwama, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kabisa kutembea kinaweza kuwa kiharusi. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

Kwa kizunguzungu sugu chenyewe, dawa kubwa ni mwendo. Hili ndilo gumu kulikubali, kwa sababu mwili unaomba kulala. Vidonge vya kuzuia kizunguzungu, kama sinarizini inayouzwa maduka ya dawa, vinasaidia siku za mwanzo za shambulio. Vikimezwa miezi na miezi huuchelewesha ubongo kujirekebisha. Mtaalamu wa fiziotherapia hukuanzisha taratibu: nyoosha mkono, kaza macho kwenye kidole gumba, geuza kichwa kushoto na kulia. Kwanza ukiwa umekaa, baadaye umesimama, kisha ukitembea. Kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi kinatarajiwa. Nafuu huja kwa wiki na miezi. Daktari akikuandikia pia dawa za kundi la kutibu sonona, usiogope kwamba amekuona una wazimu. Hutumika kupunguza ile tahadhari iliyopitiliza. Mazungumzo na mshauri nasaha nayo yana nafasi, maana hofu ya kuanguka huchochea kizunguzungu, nacho huchochea hofu.

Ndugu wa nyumbani, nawasihi: msimwambie amerogwa, wala msimfungie ndani kwa huruma. Mpelekeni sokoni asubuhi na mapema, meza zikiwa bado chache, anunue kitu kimoja na kurudi. Akizoea, aende saa ya watu wengi zaidi. Mshikeni mkono pale tu anapouomba.