Sola ya kufunga mwenyewe Mtwara na Lindi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Korosho zikishauzwa, maduka ya Masasi, Newala na Lindi mjini hujaa watu wanaonunua paneli, betri na inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), na wengi hurudi nyumbani kuzifunga wenyewe. Ni jambo jema. Mtambo mdogo wa volti 12 unataka mita ya bei nafuu, koleo la kubania lagi (vichwa vya metali vya kuungia ncha za waya), spana mbili na subira. Vifaa vingi hufa mapema kwa sababu ya maneno yanayotoka dukani na kufika kijijini bila mtu kuyapima. Haya ndiyo yanayosikika zaidi, na mwishoni lipo moja la simu.

"Jua letu ni kali, paneli ndogo inatosha"

Mwanga na joto ni vitu viwili. Paneli hutengeneza umeme kwa mwanga, na joto huipunguzia nguvu: paneli za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayozidi 25. Paneli iliyobandikwa juu ya bati hufika nyuzi 60 mchana bila shida, kwa hiyo ile iliyoandikwa wati 100 inakupa kama 86 hata mbingu ikiwa safi kabisa. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya paneli na bati ili upepo upite chini yake.

Kisha piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Tuseme nyumba ina balbu 4 za wati 5 zinazowaka saa 5 (wati-saa 100), televisheni ya wati 40 kwa saa 4 (160), feni ya volti 12 ya wati 15 kwa saa 8 (120) na simu 3 (kama 45). Jumla ni wati-saa 425 kwa siku. Gawa kwa 0.7 kufidia joto, vumbi, waya na betri: unapata kama 600. Gawa tena kwa saa 4.5 za jua kamili (mwanga wa siku nzima ukihesabiwa kana kwamba wote ni wa adhuhuri): wati 135. Nunua paneli ya 150.

Betri nayo: 425 ukigawa kwa volti 12 ni kama ampea-saa 35, na betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo 70 ndio mwanzo. Chukua 100, maana huku kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na katikati yake zipo siku ambazo wingu haliondoki hadi jioni.

"Paneli itazame mashariki iwahi jua"

Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita upande wa kusini kidogo tu kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Februari. Miezi mingine yote linapita kaskazini, na mwezi Juni linakuwa nyuzi 34 hivi kutoka utosini. Kwa hiyo tazamisha kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Ukitafuta kaskazini kwa dira ya simu, simama chini mbali na paa, kwa sababu bati la chuma huivuta dira.

Lakini usibomoe paa kwa ajili ya hilo. Mwinamo ukiwa mdogo namna hiyo, upande ukikosewa unapoteza kidogo tu. Kosa kubwa ni kuilaza paneli ikawa bapa: vumbi hujikusanya kwenye ukingo wa chini wa fremu, likigusana na umande linakuwa mstari wa tope unaofunika safu nzima ya seli.

Na hapo linaingia neno jingine, kwamba kivuli kidogo hakina shida. Seli 36 za paneli ya volti 12 zimeungwa kwa mfululizo, na kwa kawaida zina diodi mbili za kupitisha umeme pembeni, kila moja ikilinda seli 18. Kuti moja la mnazi likifunika seli moja kabisa, nusu ya paneli inatoka kazini, na nusu iliyobaki haina volti za kutosha kuchaji betri ya 12. Kata kuti.

"Kinachoharibu ni chumvi ya bahari, sisi wa bara tuko salama"

Hapa ndipo mikoa yetu inapotofautiana na vitabu vyote vya maelekezo. Chumvi ni kweli inakula: Mikindani, Msanga Mkuu, Kilwa Masoko, kila penye upepo wa bahari. Lakini Tandahimba, Newala, Nachingwea na Ruangwa kuna adui mwingine ambaye hatajwi, nayo ni salfa. Kuanzia Juni hadi Septemba mikorosho inapuliziwa unga wa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na unga ule hauishii kwenye maua. Unatua kwenye paneli, unaingia kwenye feni ya inveta, unakaa ndani ya kisanduku cha kontrola (kifaa kinachosimamia kuchaji betri). Salfa na shaba hazipatani, wala salfa na fedha, na shaba ndiyo waya zako zote.

Fungua kiungo kilichokaa msimu mmoja nje na utazame rangi. Ukijani au ubuluu wa kijani, kama wa sarafu ya zamani, kwa kawaida ni chumvi na unyevu. Weusi mkavu unaobanduka kama magamba, kwenye sehemu ambayo haikuungua, mara nyingi ni salfa. Yote mawili yanazuia umeme kupita, na penye kizuizi panazaliwa joto.

Mita itakuambia kabla jicho halijaona. Washa mzigo wa ampea 8 hivi, weka mita kwenye volti za DC, gusisha ncha moja upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili. Ikisoma chini ya 0.1, kiungo ni kizima. Ikisoma 0.5, kuna wati 4 zinazogeuka joto mahali padogo kama punje ya korosho, na plastiki ya hapo italainika tu.

Kinga yake ni hii. Usisokote waya na kuzungushia tepu nyeusi. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la paa, tepu inaachia, unyevu na unga vinaingia. Tumia lagi za shaba zilizopakwa bati, bana kwa koleo lake lenyewe (plaisi haitoshi), kisha vuta kwa nguvu: ikichomoka, ilikuwa haijabana. Funika shingo ya lagi kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kwenye vichwa vya betri safisha, kaza, ndipo upake vaselini au grisi juu. Ukipaka kabla ya kukaza sawasawa umeiweka grisi katikati ya metali mbili. Kisanduku cha kontrola kiwe ndani ya nyumba, na matundu ya waya yatazame chini.

Wakati wa kupulizia, funika paneli kwa turubai ukiweza, au ioshe baadaye. Osha jua halijachomoza au likiwa bado jepesi, kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa laini. Maji baridi kwenye kioo cha nyuzi 60 yanaweza kukipasua. Visima vingi vya pwani vina maji ya munyu, yakikauka yanaacha utando mweupe. Maji ya mvua ni bora.

"Waya ni waya"

Waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, unafanya kazi vizuri kwenye volti 230. Kwenye 12 ni habari nyingine. Paneli ikiwa mita 10 kutoka kwa betri, umeme unasafiri mita 20, kwenda na kurudi. Kwa ampea 8 waya huo unakula karibu volti 1.2, yaani sehemu ya kumi ya mtambo wako imebaki ukutani. Waya wa 6 unakula 0.5. Inveta ndiyo inayodai zaidi: kuvuta wati 1,000 kutoka volti 12 ni zaidi ya ampea 83, kwa hiyo weka waya wa shaba wa 25 au 35, mfupi kadiri iwezekanavyo, usiozidi mita moja na nusu. Chunguza pia kama ni shaba kweli. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi nyekundu, huenda ni alumini iliyopakwa shaba, ukiikunja mara chache na ikakatika upesi, una uhakika.

Tukiwa hapohapo kwenye waya: fyuzi inalinda waya, na kazi ya kuilinda televisheni siyo yake. Betri ya ampea-saa 100 ikigusana chanya na hasi inaweza kumwaga zaidi ya ampea 1,000 kwa mara moja, na waya unakuwa mwekundu chini ya makuti. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Ikiwa mbali, kipande chote kilicho kati yake na betri hakina ulinzi. Nyumba ya makuti bila fyuzi hiyo, usiwashe mtambo kabisa.

"Betri ikikaa kwenye sakafu ya simenti inaisha chaji"

Haiishi. Neno hili ni la enzi za betri zenye maboksi ya mbao na mpira. Za leo ni za plastiki. Kinachoishusha betri iliyokaa ni kujitoa chaji kwa asili yake, na joto huongeza kasi. Sakafu ya simenti ni mahali pa baridi, kwa hiyo pazuri.

"Betri imechoka, iongezee asidi"

Kinachopungua ndani ya betri ya maji ni maji tu. Asidi haipai hewani. Ukiongeza asidi unaifanya kali kupita kiasi na sahani za risasi zinaliwa haraka. Ongeza maji safi ya betri yasiyo na asidi (soma kibandiko, maana chupa zote mbili huuzwa rafu moja), na uongeze baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda ikichajiwa. Kama betri ilikaa wiki kadhaa chini ya volti 12, sahani zimeshika ukoko mgumu wa salfeti, na hapo hakuna chupa itakayoirudisha yote. Ipime ikiwa imepumzika saa kadhaa bila mzigo: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu.

Betri ya gari kwenye sola? Ina sahani nyembamba, imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiishusha kila usiku itakufa mapema mno. Usinunue kwa kazi hii.

"Ampea zimeandikwa kwenye betri"

Karatasi haina uzito, risasi inao. Betri ya jeli ya ampea-saa 100 ina kilo 28 hadi 30 hivi. Ya 200 ni 55 na zaidi. Ipandishe kwenye mizani ya kupimia korosho. Iliyoandikwa 200 ikasoma kilo 30 ni betri ya 100, na uilipie hivyo. Lithiamu ya fosfeti ya chuma ni nyepesi kihalali, kilo 10 hadi 13 kwa ampea-saa 100, lakini inataka kontrola yenye mpangilio wake, isiyovuka volti 14.6.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa pawabenki. Ile ya miliampea-saa 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 37. Baada ya hasara inakupa kama 31, chaji moja na nusu hivi kwa simu ya 5,000. Seli zake pekee zina gramu 150 na zaidi. Ndogo kama kiganja iliyoandikwa 50,000 haiwezekani, ingekaribia kilo moja.

"Imeandikwa MPPT"

Kontrola ya MPPT hushusha volti za paneli na kuongeza ampea. Ya kawaida, PWM, inaunganisha tu paneli na betri. Paneli kubwa ya wati 330 inafanya kazi kwenye volti 37 na ampea 8.9. Kwa PWM na betri ya 12 unapata 8.9 mara 13, kama wati 116, na nyingine zote zinapotea. Tena kontrola ndogo nyingi haziruhusu volti 46 za paneli hiyo ikiwa haina mzigo, zinaungua.

Kuijua ni rahisi. Jua likiwa kali na betri haijajaa, pima ampea zinazoingia kutoka kwenye paneli na zinazotoka kwenda kwenye betri. Zikilingana, ni PWM hata kibandiko kiseme nini. Unapofunga, anza na betri, halafu paneli. Unapofungua, anza na paneli.

"Inveta iachwe tu, haili kitu"

Inveta ya wati 500 isiyo na mzigo hula wati 5 hadi 10. Kwa wati 8, siku nzima ni wati-saa 192, kuliko televisheni ya mfano wetu. Izime, na taa, feni na chaja za simu ziende moja kwa moja kwenye volti 12.

"Simu ikiangukia baharini, ifukie kwenye mchele"

Lita ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Mchele hauitoi chumvi hiyo hata kidogo, na unga wake unaziba tundu la chaji. Zima simu, toa laini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi hata kama inaogopesha, kung'uta, usiichaji. Umeme wa chaja ukikutana na chumvi yenye unyevu hula pini za tundu upesi. Mpelekee fundi siku hiyohiyo aifungue, aoshe bodi kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi na brashi laini, aanze na viunganishi vya betri na kioo. Maandishi ya IP68 (alama ya kuzuia maji na vumbi) yalipimwa kwenye maji yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Mipira yake huchoka kadiri simu inavyozeeka na kudondoka.