Haonekani kwenye filamu, lakini kazini yupo

Wengi huamini kwamba mwigizaji wa kike wa Uingereza asipoonekana kwenye filamu mwaka mzima, nyota yake imezimika. Ni rahisi kudhani hivyo, maana sisi wa mbali tunamjua kupitia skrini tu. Kumbe mara nyingi yuko jukwaani, akiigiza mbele ya watazamaji. Katika West End, eneo la kumbi za maigizo jijini London, onyesho kwa kawaida huchezwa mara nane kwa wiki, siku nyingine mchana na tena usiku, sauti ikitunzwa kama yai. Kule jukwaa si kushuka daraja. Wengi huanzia hapo na hurudi. Ukitaka kuhakiki, tafuta kijitabu cha onyesho: humo huorodheshwa kazi za kila mwigizaji, hata za redio. Filamu nayo hurekodiwa miezi mingi kabla ya kutoka, hivyo mwaka ulio kwenye bango la filamu huweza kukupoteza.