Kwa nini fundi aliyepiga rangi miaka mingi aanze kuwashwa leo?

Pita kwenye saiti za Mtumba, Iyumbu au Nzuguni jijini Dodoma, ambako ujenzi umepamba moto tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia huko, hukosi kumkuta fundi rangi anayejikuna katikati ya vidole. Muulize, atakutajia vumbi, jua, au maji ya chumvi ya kisima. Rangi ya maji haitaji kabisa. Ameishika miaka nenda rudi bila tatizo, tena hainuki kama ya mafuta.

Lakini chanzo kinaweza kuwa humo humo kwenye ndoo. Penye maji, bakteria na kuvu huota, na rangi isiyo na kihifadhi ingeoza kabla haijatoka dukani. Vihifadhi vinavyotumika sana ni vya jamii ya isothiazolinoni, hasa methilisothiazolinoni na benzisothiazolinoni. Huwekwa kidogo sana, ila kidogo hicho kinatosha kuiletea ngozi mzio. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku methilisothiazolinoni kwenye losheni na vipodozi vingine visivyosuuzwa kuanzia mwaka 2017. Kwenye rangi bado imo.

Mzio huu hujengeka taratibu. Kemikali hupenya ngozi na kushikamana na protini, kisha kinga ya mwili huiona kuwa adui na kuandaa seli za kuikabili. Kazi hiyo yaweza kuchukua wiki chache au miaka. Seli zikishakuwa tayari, matone yanayokudondokea ukipiga dari yanatosha kuamsha balaa. Na hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea: mwasho huchelewa siku moja hadi tatu. Umepiga rangi Jumatatu, malengelenge yanatoka Jumatano ukiwa unapiga msasa kwingine, basi lawama zote zinaliangukia vumbi la msasa.

Kiangazi kirefu cha Dodoma, na upepo wake mkavu, hupasua ngozi na kuifungulia kemikali njia. Jioni fundi ananawa kwa thina au petroli, na hata mafuta machache ya asili yaliyobaki yanaondoka. Inaniuma kuona hilo likifanyika kila siku, wakati sabuni ya kipande na maji vinaondoa rangi ya maji kabla haijakauka, na mafuta ya mgando hayana gharama kubwa.

Maelezo mengi husema ngozi "inakuwa nyekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Angalia weusi uliozidi, magamba, ngozi kuwa nene, na mipasuko kwenye maungio ya vidole. Mwenye mzio anaweza kuvimba kope bila hata kugusa brashi, kwa kulala tu kwenye chumba kilichopakwa karibuni, kwani methilisothiazolinoni huendelea kutoka ukutani kwa siku kadhaa, hata wiki. Shampuu na sabuni za maji zenye kemikali hiyo nazo zitamwasha.

Glavu za naitraili, aina ya mpira wa kutengenezwa, husaidia, mradi zibadilishwe zikichanika au rangi ikiingia ndani. Daktari wa ngozi huthibitisha mzio kwa kubandika vibandiko vyenye kemikali mbalimbali mgongoni, akavitoa baada ya siku mbili na kuusoma mgongo tena siku zinazofuata. Unapokwenda kumwona, piga picha ya maandishi yote yaliyo kwenye ndoo, maana jina la kihifadhi mara nyingi huwa kwenye zile herufi ndogo za pembeni.