Kuta za Wadjemup hazitaki saruji

Pitisha kiganja kwenye ukuta wa kale uliopigwa lipu ya saruji kisiwani Wadjemup, ambacho wakoloni walikiita Rottnest, nacho kitatoka na unga mweupe. Ni chumvi. Kisiwa kipo kilomita 18 hivi kutoka Fremantle, Australia Magharibi, na majengo yake ni ya mawe ya chokaa yenye vitundu vingi. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi. Ukuta wa chokaa huutoa nje taratibu, saruji huuziba. Chumvi nyingi hugandia nyuma ya lipu, na jiwe humong'onyoka huku kwa nje ukuta unaonekana mzima kabisa. Mafundi wa Lamu na Unguja wanaujua vizuri ugonjwa huu. Tiba yake ni patasi, nyundo ndogo, subira, kisha chokaa.

Hilo ndilo jepesi. Zito ni mikono iliyojenga.

Kuanzia mwaka 1838 wanaume na wavulana wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wapatao 3,700 walifungwa hapa, wakiletwa kutoka kona zote za jimbo, wengine kwa kuchinja mifugo ya walowezi kwenye ardhi ya mababu zao. Wafungwa hao walichonga mawe, wakachoma chokaa, wakajenga nyumba za askari na jela yao wenyewe, Quod, ya mwaka 1864. Wasiopungua 373 walifia kisiwani. Wengi wamelala karibu na Quod katika makaburi yasiyo na alama, na juu yao watu wa likizo walipiga mahema hadi 2007. Seli nazo ziliunganishwa zikawa vyumba vya watalii, hadi 2018. Kila nikiikumbuka miaka hiyo, moyo unaniuma.

Kwa hiyo, nyufa nitaziba mimi, lakini Quod iwe nini si neno la fundi. Ni la Wanoongar wa Whadjuk, wenye kisiwa, na la jamii zote ambazo wapendwa wao hawakurudi nyumbani. Nakataa pia kuipendezesha: ukuta wa jela uking'aa kama wa hoteli, tumewafuta mara ya pili.

Katika chokaa ya zamani utaona chembe nyeusi za mkaa, mabaki ya kuni za tanuri walilochochea wafungwa. Nikizikuta, na kiungo kati ya mawe bado kinashika, nakiacha kilivyo, hata kama hakikunyooka.