Je, wajua kwa nini draivu ya 16x haichomi DVD nzima kwa kasi ya 16x?

Anayekwenda soko la Darajani, Unguja, kununua draivu ya kuchomea CD na DVD, ili ahifadhi video ya harusi au kasida za wanafunzi wa madrasa, hukutana kwanza na namba kubwa iliyoandikwa kwenye sanduku: 8x, 16x, 24x, 52x. Wanunuzi wengi huichukulia namba hiyo kuwa ndiyo kipimo cha ubora, na anayeongeza pesa apate 16x huamini kwamba kazi yake itakwisha kwa nusu ya muda ambao draivu ya 8x ingeutumia. Sivyo ilivyo, na sababu imo katika umbo la diski yenyewe.

Ieleweke kwanza kwamba alama ya x haina maana moja kwa kila diski. Kwa CD, 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde. Kwa DVD, 1x ni takriban kilobaiti 1,385. Kwa hiyo 52x ya CD, inayoonekana kubwa mno, ni karibu theluthi moja tu ya 16x ya DVD. DVD ya gigabaiti 4.7 ikichomwa kwa 1x huchukua dakika 57 hivi. Ukigawa kwa 16, unapata dakika tatu na nusu, lakini kazi halisi huchukua dakika tano au sita.

Dakika zinazobaki hupotelea karibu na katikati ya diski. Litazame pangaboi linapozunguka: ncha ya panga na sehemu iliyo jirani na mota humaliza mzunguko mmoja kwa wakati mmoja, lakini ncha imepita njia ndefu zaidi, kwa hiyo ndiyo iliyokwenda kasi. Diski nayo ni hivyo hivyo. Alama za data zimepangwa kwa msongamano ule ule kuanzia ndani hadi nje, kwa hiyo mzunguko mmoja wa ukingoni huwa na data nyingi kuliko mzunguko mmoja wa ndani. Kwenye DVD, data huanza milimita 24 kutoka katikati na kuishia milimita 58. Draivu inayoizungusha diski kwa mwendo usiobadilika na kufikia 16x kule ukingoni, itakuwa imeanza kwa 6x au 7x tu. Kasi ya sandukuni ni ya ukingoni.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mota isiongeze mwendo pale leza, yaani mwanga unaochoma data, inapokuwa ndani. Kwa 16x ukingoni, diski tayari huzunguka zaidi ya mara 9,000 kwa dakika. Kuipata kasi hiyo hiyo ndani kungehitaji mizunguko zaidi ya 22,000, na plastiki ya diski haikuundwa kuhimili mwendo huo. Hata kwa mwendo wa sasa, CD yenye ufa inaweza kupasukia ndani ya draivu, na ndiyo maana diski iliyoanza kupasuka isitiwe kamwe.

Ushahidi unaonekana kwa macho. Ichukue DVD iliyochomwa nusu, uinamishe kwenye mwanga, utaona duara lenye weusi tofauti kidogo likianzia katikati na kukoma kwa mstari safi. Santuri za zamani, kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zilikwenda kinyume: sindano ilianzia ukingoni ikielekea ndani.

Suala la DVD-R na DVD+R, aina mbili za diski tupu zenye viwango tofauti, lililowahi kuwasumbua wanunuzi, limekwisha, kwa kuwa takriban draivu zote za sasa huchoma aina zote mbili. Linalostahili kufikiriwa zaidi hapa Unguja na Pemba ni umeme. Draivu za kisasa zina kinga: kompyuta ikichelewa kuleta data, leza husita kisha huendelea pale ilipoachia. Kinga hiyo haifai kitu umeme unapokatika, na DVD-R iliyokatishwa katikati mara nyingi huwa imeharibika. Kwa sababu hiyo, kwa nyumba nyingi ningependelea draivu nyembamba ya USB ya 8x, iliyochomekwa moja kwa moja kwenye laptopu yenye betri nzima, kuliko ya 16x iliyofungwa ndani ya kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme unapokatika). Ya 8x humaliza DVD kwa dakika nane hadi kumi. Tofauti ni dakika chache tu.

Wapo wanaoamini kwamba diski ikichomwa polepole hudumu zaidi; hapo tahadhari inahitajika. Kila draivu huwa na maelekezo ya kurekebisha nguvu ya leza kulingana na aina ya diski, na diski iliyotengenezwa kwa 16x si lazima itoke vizuri zaidi kwa 2x; kasi ya kati, kama 8x, ni chaguo la busara. Umri unaotangazwa na watengenezaji nao ni makadirio yanayotokana na kuziweka diski kwenye joto na unyevu mkali kwa muda mfupi, kisha kupiga hesabu. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, video ya harusi ichomwe nakala mbili, kwenye diski za watengenezaji tofauti, na programu iamriwe kuhakiki kila nakala kabla faili la asili halijafutwa.