Uwezo wa kuvuta si kipimo pekee cha trela ya kulala
Miongoni mwa wapenzi wa safari ndefu za barabarani huko Marekani na Kanada, kuna imani isiyokufa: gari likiandikwa kuwa linavuta kilo 2,300, basi trela yoyote ya kulala iliyo chini ya hapo inalifaa. Wauzaji nao hawana haraka ya kuikanusha.

Uzito unaotajwa kwenye matangazo kwa kawaida ni wa trela tupu. Trela ya watu wawili yenye kilo 1,400, ikitiwa maji lita 150, mitungi ya gesi, betri ya ziada, vyombo na chakula, hufika 1,800 kirahisi.

Hata hivyo, kinachokwamisha wengi ni mzigo ambao gari lenyewe hubeba. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela hulala juu ya ndoano ya gari, yaani kilo 180 hadi 270 hapa. Ukiupunguza mno uzito huo wa kwenye ndoano, trela huyumba kwenye mwendo kasi, kwa hiyo hakuna ujanja. Ongeza mume na mke, kilo 150, na mizigo ya buti, kilo 100: jumla yaweza kufika 520. Sasa fungua mlango wa dereva, usome kibandiko kwenye nguzo yake. Kikisema gari libebe watu na mizigo isiyozidi kilo 500, mmeshapitiliza, hata kama injini inavuta bila kulalamika.

Urefu wa trela, ambao watu hubishania sana, ningeuacha mwisho. Kwa matumizi ya mafuta, kimo na upana huumiza zaidi, kwani ndivyo vinavyopambana na upepo.